Kilwa Kisiwani kwa siku moja: anzeni Husuni Kubwa, Gereza litawasubiri

Assalaam aleikum, habari za saa hizi. Karibuni tena. Wengi wenu wa huku Lindi na Mtwara mmeniuliza swali moja: safari ya Kilwa Kisiwani inalipa, au mtu anakwenda kuangalia magofu, anapiga picha mbili, anarudi? Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Leo naichambua safari hiyo yote, hela yako inapata nini, wapi unapigwa, na nani abaki tu nyumbani.

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: nendeni. Ila ziara yenyewe, jinsi inavyofanyika siku nyingi, imepangwa kinyumenyume, na ndiyo maana mtu anarudi anasema "ni kuta tu".

Sikilizeni. Boti inakushusha mbele ya Gereza, yaani ngome ya zamani. Ni jengo zuri, limekaa ufukweni, mlango wa mbao wenye nakshi, kila mtu anatoa simu. Nusu saa imekwisha hapo. Kisha Msikiti Mkuu, kisha kasri la Makutani, na Husuni Kubwa, kasri la sultani ambalo liko mbali kuliko vyote, inaachwa mwisho. Sasa ni saa sita, jua la utosi, maji ya chupa yameisha, nahodha anapiga simu maji yanapwa. Watu wanaangaliana, wanasema basi inatosha. Wamelipia jiji la karne ya 14, wameona ngome ambayo Waarabu wa Oman waliijenga mnamo 1800, pale pale Wareno walipojenga ya kwao 1505. Kufikia hapo utajiri wa Kilwa ulishakwenda na maji.

Kwa hiyo agizo langu ni moja: mkiwa bado Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, kabla hamjapanda boti, mwambieni mwongozaji, "Tunaanza Husuni." Atashangaa kidogo, atakubali.

Njia naisema haraka. Panda basi lolote la Dar, shuka Nangurukuru, hapo utapata usafiri wa kuingia Masoko. Lala Masoko, usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Mtwara, utajitesa bure. Kibali kinakatwa Masoko, siyo kisiwani, na Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Weka na salio kwenye simu, maana malipo ya serikali siku hizi ni namba ya malipo, noti yako haina kazi pale.

Boti sasa. Hapa ndipo pa kupigwa. Mimi kuna nahodha, jina namhifadhia, tulipatana bei vizuri tu, tulipofika ng'ambo akaniambia ile ilikuwa ya kwenda, ya kurudi tutaongea. Tutaongea nini nami niko kisiwani? Patana kwa maneno matatu: kwenda, kurudi, na kusubiri. Yote matatu, mbele ya mwongozaji. Kivuko chenyewe ni kifupi, Kisiwani unakiona kutoka ufukwe wa Masoko. Mashua ya tanga kama upepo upo, ni tamu zaidi na haina moshi wa injini.

Haya, Husuni Kubwa. Iko juu ya jabali, bahari iko chini yako. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, na lina vyumba zaidi ya 100. Nendeni asubuhi wakati jua bado liko chini, kwa sababu kuta nyingi zimebaki nusu, na ni kivuli ndicho kinachokuonyesha mpango wa nyumba: hapa ua, hapa ngazi, hapa maghala ya biashara. Angalieni upana wa vyumba. Virefu, lakini vyembamba. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake, hata sultani hawezi kuirefusha. Wazee wetu wanaojenga nyumba za udongo huku pwani wanaijua hesabu hiyo.

Halafu bwawa. Hapa niliweka kamera chini kabisa ili mwone: pembe nane, limezamishwa ndani ya ua, lina ngazi za kushukia, na bado mahali pengine utaona chokaa imeshika. Bwawa la kuogelea ndani ya nyumba, Kilwa, takriban miaka 700 iliyopita. Kaa ukingoni dakika kumi, mwongozaji aache kuongea kidogo. Wataalamu wanaona kasri hili halikumaliziwa, na halikukaliwa muda mrefu. Mtu alijenga kwa jeuri ya hela, hela ikabadilika.

Na hela ilitoka wapi? Hili mwongozaji wangu alilieleza vizuri kuliko bango lolote. Dhahabu ya bara, kutoka upande wa Zimbabwe ya leo, ilishuka hadi Sofala, Msumbiji, na Kilwa ndiyo iliyokuwa inaishika Sofala. Kwa nini wafanyabiashara wasiende Sofala moja kwa moja? Upepo. Jahazi la Uarabuni au Bara Hindi likija na kaskazi linaweza kufika Kilwa, likafanya biashara, likarudi na kusi msimu ule ule. Likivuka kwenda kusini zaidi, linahatarisha kukosa upepo wa kurudi, likae mwaka. Basi mwenye kutaka dhahabu anaikuta hapa, na hapa pana mtu anatoza ushuru. Wavuvi wetu wa Mikindani hawahitaji kufundishwa habari ya kaskazi na kusi, lakini mimi sikuwahi kufikiria kwamba upepo unaweza kujenga kasri.

Walipiga mpaka sarafu zao. Za shaba, ndogo. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zina vina, ukizisoma zinaimba. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilikutwa Great Zimbabwe huko bara, na 1944 zikaokotwa sarafu tano za Kilwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mtu ana hadithi yake.

Mkitoka Husuni, rudini taratibu kwenye Msikiti Mkuu. Hapa ndipo wenye haraka wanakosea tena, wanapita katikati na kutoka. Msikiti una sehemu mbili. Ile ndogo ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ilianza karne ya 11. Ile kubwa ya kusini, yenye safu za nguzo na kuba juu, iliongezwa wakati wa sultani yule yule wa Husuni, na baadaye ikatengenezwa upya. Simameni katikati, muangalie juu. Kuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Halafu gusa... hapana, msiguse, angalia tu nguzo kwa karibu: utaona tumbawe lenyewe, vile vitundu vidogo vidogo, chini ya chokaa iliyobanduka.

Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa 1331, akasema ni miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema. Anasimulia kisa cha sultani huyo. Ijumaa, sultani anatoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Siyo nyingine, hizo hizo. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa. Watu wakasifu mno. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia sifa zile akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Waongozaji wanapenda kukisimulia kwa ajili ya ukarimu. Mimi sikio langu lilibaki kwenye wale ishirini, ambao hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana mkifika Makutani, lile kasri kubwa lenye kuta ndefu karibu na ufukwe, muulizeni mwongozaji habari ya karne ya 18. Asipoulizwa huwa anapita. 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Wafaransa huko Bahari ya Hindi. Dhahabu ilishakwisha, kilichobaki kuuzwa ni watu.

Jengo ninalolipenda kuliko yote ni dogo, na wengi hawalitaji: Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, uko karibu na Msikiti Mkuu. Umesimama vizuri kuliko vyote. Dari limegawanyika sehemu tisa, na kuba la katikati lina kinguzo juu yake. Inua macho: utaona mashimo ya mviringo darini. Hapo yalipachikwa mabakuli ya kauri yenye rangi, kutoka ng'ambo. Mengi yamekwisha kung'olewa. Tochi ya simu itakusaidia.

Kasoro za bidhaa, maana hii siyo matangazo. Kivuli hakuna kati ya Husuni na msikitini zaidi ya mibuyu. Mabango ni machache, kwa hiyo bila mwongozaji hela yako imepotea kweli. Anayetafuta muziki, baridi na viti vya plastiki asije. Mwenye mzee wa magoti mabovu, ampeleke Gereza, Makutani na misikiti tu, Husuni amwachie kijana. Na pale ni kijiji, watu wanaishi, wana mashamba na makaburi ya wao: vaeni nguo za heshima, msiwapige picha akina mama bila kuomba. Chakula agizeni asubuhi mkishuka, wali wa nazi na samaki, mkirudi mkute tayari. Ukiagiza saa nane na njaa, utangoja samaki atoke baharini.

Songo Mnara je? Ni mji mwingine, kisiwa kingine upande wa kusini, umo kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Kisiwani tangu 1981. Magofu hayo yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Nyumba za watu za Songo Mnara zinaeleweka kuliko za Kisiwani, ila boti inachukua muda, na maji yakiwa yamepwa utashuka utembee matopeni. Msiunganishe viwili siku moja, hata nahodha akisema inawezekana. Mtaona boti, hamtaona mji. Chagueni siku yenye maji ya kutosha asubuhi, waulizeni wavuvi wa Masoko siyo simu.

Ukibakiwa na jioni, panda daladala uende Kilwa Kivinje: boma la Wajerumani, nyumba za zamani za wafanyabiashara, na kumbukumbu ya waliotundikwa wakati wa Majimaji. Kivinje nitaitengenezea video yake, siyo mahali pa kusemwa kwa dakika mbili. Nauli za sasa hivi kutoka Mtwara, waliosafiri wiki hii wawaandikie wenzao hapo chini.