Ishasha: kulala mtoni, ng'ambo Kongo

Kambi ya Ishasha haina kitu, na hilo ulijue kabla hujafunga mizigo. Duka hakuna, friji hakuna, wa kukupikia hakuna. Kuna choo, mahali pa kukoka moto, na mto. Mto huo ndio ulionirudisha mara ya pili mwezi uliopita, safari hii na mke wangu na shemeji.

Ishasha ni kona ya kusini ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mto wenyewe ndio mpaka: huku Uganda, ng'ambo Kongo. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, mbega wanarukaruka juu ya miti na viboko wanakoroma chini. Simu yangu ilinasa mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Kongo, na salio likaanza kuyeyuka. Zima data ukifika.

Nilitaka kusimika hema ukingoni kabisa, penye nyasi fupi safi kama za uwanja wa mpira. Askari wa hifadhi akaja, bunduki begani, akacheka.

"Mzee, hapo ni sebuleni kwa kiboko."

Kumbe wakataji wa nyasi zile ni viboko wenyewe. Mchana wamo majini, giza likiingia wanapanda kula, tena kwa njia zilezile kila siku. Akatuonyesha njia moja, imechimbika kama mtaro, kisha akatusogeza hatua kama arobaini. Saa nane usiku nikasikia nyasi zinanyofolewa, krrp, krrp, na pumzi nzito kama ya ng'ombe mwenye mafua. Mke wangu akanishika mkono, hakuna aliyesema neno. Ukibanwa na haja usiku, mulika tochi kwanza pande zote. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hana mjadala na wewe.

Hema tulilikodi Kampala, duka silitaji. Mshono wa juu ulivuja na mvua ya alfajiri ikalowesha magodoro yote. Kosa langu ni kutolijaribu. Siku nyingine nitalisimika uani kwanza nilimwagie ndoo mbili za maji.

Chakula nunueni Kihihi, ndio mji wa karibu. Msiache hata ndizi nje ya gari, nyani wanaamka mapema kuliko ninyi. Barabara ya kutoka Katunguru, upande wa kaskazini, ni ya murram, yaani changarawe bila lami. Mvua ikinyesha, gari la chini litakulaza njiani.

Na wale simba wa kupanda miti wanaoipa Ishasha sifa? Askari alisema hupanda kukwepa joto na inzi. Tulizunguka asubuhi mbili, shingo zikatuuma kwa kutazama juu, mikuyu yote mitupu. Nyamera, wale wa jamii ya swala, tuliwaona hadi tukachoka.

Natoa nyota nne. Ya tano shemeji ameizuia mpaka aone simba.