Akaivu ya Microsoft 365: naipendekeza, ila usimruhusu aliyekuhamisha aondoke mapema

Nashughulikia booking za hoteli ndogo ya Jambiani, na ofisi yetu ipo Mjini, mitaa ya Vuga. Kwa kazi yangu barua pepe ya zamani ni mali. Msimu wa 2020 ulipovurugwa na korona, wageni waliokwishalipa waliahirisha safari, na hata miaka iliyofuata mawakala wa Italia walikuwa bado wanatuletea vocha zile zile wakidai bei ya mwanzo. Hapo hakuna maneno mengi, mwenye barua ya makubaliano mkononi ndiye mwenye haki.

Tulihama kutoka seva ya ofisini kwenda Microsoft 365, ambako barua zinakaa mtandaoni kwa Microsoft wenyewe, wakati wa masika, hoteli ikiwa imefungwa kama nyingi za pwani ya mashariki. Seva yenyewe ilikuwa chini ya ngazi, hewa ya chumvi inaila, na wakongwe wa ofisi hawajasahau Unguja ilivyokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kazi zote zikategemea jenereta. Tena Microsoft wameacha kuzihudumia Exchange 2016 na 2019, programu zao za seva za barua pepe, tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhama ilikuwa lazima.

Akaivu ni kisanduku cha pili kando ya kile cha kila siku. Leseni tuliyonunua ilitupa GB 50 kwa kila kimoja. Sera inayokuja nayo inataka barua iliyotimiza miaka miwili ihamie huko yenyewe, na ikifika inakaa katika folda yenye jina lile lile. Kwa ofisi iliyozoea kulundika mafaili ya PST, yale ambayo programu ya barua ya Outlook huwekea barua, kwenye kompyuta za watu, kompyuta ikifa na barua zimekwenda nayo, hii ni nafuu kubwa sana.

Kwetu haikufanya kazi. Akaivu ilionekana kwenye Outlook, ukiifungua tupu, na huku kisanduku cha booking kinakaribia kujaa. Kampuni iliyotuhamisha kila nikiipigia jibu ni moja: "Subiri dada, itahama yenyewe." Kusubiri kidogo kuna msingi, maana kazi hii inafanywa na programu ya ndani ya mfumo iitwayo msaidizi, nayo huahidiwa kukipitia kila kisanduku angalau mara moja kwa siku saba. Lakini wiki zilipita, Juni inabisha hodi, na maonyo ya kujaa yanakuja kila asubuhi.

Nikamwita kijana mwenye kiduka cha kompyuta Mlandege. Simtaji kwa jina kwa sababu sijamuomba ruhusa, ila sifa zake nazitoa zote. Aliingia, "Shikamoo bi," akavuta kiti, na Outlook hata hakuigusa. Alifungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, akaanza kukihoji kisanduku. Leseni ipo. Akaivu imewashwa. Sera imeshapangwa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja, RetentionHoldEnabled, yaani kama sera imezuiwa kufanya kazi, na mbele yake imeandikwa True, ndiyo.

"Bi, hapa ndipo ilipokamatwa. Mliingiza PST?"

"Tuliingiza, tena nyingi."

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Unapoingiza PST kwa huduma ya Microsoft ya kuingiza mafaili, mfumo unaweka zuio kwenye kisanduku kwa makusudi. Barua ya mwaka 2012 ikiingia leo, sera itaiona imeshapitwa na umri, itaihamisha hapo hapo, au itaifuta kabisa ikiwa sera yako ni ya kufuta, kabla mwenyewe hujaikagua. Zuio linakulinda na hilo. Sasa, zuio hili halina tarehe ya kumalizika. Linabaki mpaka mtu alitoe kwa mkono wake. Ulinzi wenyewe naukubali, ni wa maana. Nisichokubali ni mtu kulipwa kazi ya kuhamisha, akaondoka bila kulitoa na bila kumwambia mwenye kisanduku kwamba lipo.

Kijana akageuza ile True kuwa False, kisha akatoa amri ya Start-ManagedFolderAssistant ili msaidizi aanze bila kungoja zamu yake. Mambo hayakumalizika papo hapo, barua zilihama kidogo kidogo. Lakini niliporudi kutoka kusali alasiri, folda ya Milano ilikuwa imeshatokea upande wa akaivu, na barua za kwanza zimo ndani na tarehe zake za asili.

Kulikuwa na mwenzetu mgeni ofisini ambaye akaivu yake ilibaki tupu, tukadhani na yeye ana tatizo. Hana. Kisanduku kisichofika MB 10 msaidizi hakishughulikii. Na wenye kisanduku cha pamoja mjue kwamba kupokea barua hakihitaji leseni, ila ukitaka kukiwekea akaivu lazima ukilipie.

Miaka miwili niliiona michache kwetu, mikataba ya mawakala tunairejea mara kwa mara, kwa hiyo tumeandika sera yetu ya miaka mitatu.

Kasoro ninayoiona ni mtandao. Outlook ya kompyuta huhifadhi nakala ya kisanduku cha kawaida, hata intaneti ikikatika unasoma. Akaivu haihifadhiwi hivyo, inasomwa moja kwa moja kutoka huko iliko. Mtandao ukizimika Jambiani, mapokezi hawaoni barua ya zamani hata moja, na mgeni kasimama na vocha yake. Siku hizi kila mgeni mwenye makubaliano ya zamani namtolea nakala ya PDF kabla hajapanda ndege.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kijana wa Mlandege nampa zote tano, na bei aliyotutoza ni ya haki. Kama mnahama na mna PST, muulizeni fundi kabla hamjamlipa salio: zuio litatolewa na nani, na lini? Jibu aliandike kwenye risiti.