Sproketi ya mbele ya stenlesi kwenye milima ya Kibosho: uzoefu wangu

Ukipanda na kushuka Kibosho au Old Moshi, huku miteremkoni mwa Kilimanjaro, kwa baiskeli ya gia, sproketi ya kati ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni), ile ya meno 32, ndiyo inayobeba mzigo wote. Kiangazi ni vumbi laini, masika ni tope jekundu, na wengi wetu bado tunapaka cheni oili chafu ya gari. Oili hiyo ikishashika vumbi inageuka msasa. Meno yanaliwa upande mmoja mpaka yanafanana na mapezi ya papa, halafu siku umesimama kwenye pedali katikati ya mlima cheni inaruka na goti linagonga usukani.

Krenki yangu, yaani mikono ya pedali na sproketi zake, ni ya mtumba, ya bolti nne, sproketi tatu za meno 22, 32 na 42. Zile za aluminiamu zisizo na jina nimefunga na kutupa mpaka nikachoka. Moja niliikwaruza kwa ncha ya bisibisi, ikabaki na mfereji. Safari hii nikamwagiza shemeji aliyeko Marekani aniletee ya stenlesi, ya kampuni ya Surly, meno 32. Bei yake ilinifanya nihesabu hela mara mbili, siwezi kuficha.

Kabla ya kuagiza yoyote, pima. Namba 104 unayoiona kwenye tangazo ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote, na ekseli inakuzuia kukipima moja kwa moja. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayofuata. Ukipata milimita 73 na nusu hivi, hiyo ni 104. Sproketi ndogo ya ndani ikikupa milimita 45, ni 64. Ila angalia: baadhi ya krenki za Shimano za miaka ya karibuni zina bolti nne ambazo hazikuachana sawa, na hizo ni 96. Ya 104 haiingii hapo hata uite mafundi wote wa mjini.

Uzito upo. Kwa ujazo uleule, chuma kinakaribia mara tatu ya aluminiamu, na ukiishika mkononi unaujua ukweli huo. Barabarani siusikii, chupa ya maji ninayobeba ina uzito mkubwa zaidi. Anayeshindana na kuhesabu gramu atafute aluminiamu ya daraja la 7075, ambayo ni ngumu kuliko ya 6061. Muuzaji asipojua ni ipi, mimi huhesabu ni laini na naondoka.

Kinachoudhi kwenye hii ya stenlesi ni kubadili gia. Sproketi nyingi za krenki za tatu zina vijipini na michongo ubavuni, ya kuinua cheni inapotoka gia ndogo. Hii ni bapa. Kutoka 22 kwenda 32 cheni inasitasita, inakwaruza, ndipo inapanda, tena mpaka ulegeze mguu kwanza. Kushuka haina neno. Na kwa kuwa ni bapa, meno yakianza kuliwa naweza kuigeuza, upande ambao haujafanya kazi uanze kuvuta.

Ile ya 22 sikuigusa, maana ilikuja ya chuma, na kuna sababu. Kwa nguvu ileile ya mguu, cheni ikiwa kwenye meno 22 inavutwa zaidi ya kwenye 32 kwa karibu asilimia 45, na meno yanayogawana mvuto huo ni machache. Ukimuuzia mtu wa milimani ndogo ya aluminiamu umemwibia tu.

Cheni nilibadilisha siku hiyohiyo. Cheni iliyorefuka inakula sproketi mpya bila kujali ni ya chuma gani. Rula inatosha: pini ya kwanza iwe kwenye sifuri, na ile ya inchi 12 iangukie 304.8 mm. Ikipita kwa milimita moja na nusu hivi, nunua nyingine. Ikifika tatu, jiandae kununua na kaseti, yaani seti ya sproketi za nyuma.

Kufunga ni spana ya L namba 5 na grisi kidogo kwenye nyuzi. Kaza tena baada ya kuiendesha kidogo, la sivyo italia kila unapokanyaga. Tangu niifunge imepita masika na kiangazi, na meno bado yana vichwa bapa, ila ubavuni imejaa mikwaruzo.

Wenye krenki ya sproketi moja, hii msiinunue. Meno yake yote yana unene mmoja, kwa hiyo kwenye mawe cheni itachomoka. Nyie tafuteni yenye jino nene na jembamba kwa kupishana, mtindo ambao kampuni ya SRAM waliingia nao sokoni 2012 kwenye seti yao ya gia ya XX1. Siku hizi zipo hata za chuma.