Kicheza muziki cha ubora wa juu: thamani yake haiko kwenye namba za boksi

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni kicheza muziki cha mkononi cha daraja la kati: mwili wa alumini, kioo cha kugusa, mfumo wa Android uliopunguzwa mambo mengi, nafasi moja ya memori kadi, gurudumu la sauti ubavuni, na matundu mawili ya hedifoni, moja la milimita 3.5 na jingine la milimita 4.4. Hakina laini ya simu wala kamera. Nimekitumia muda wa kutosha kuona betri yake ikianza kuchoka, na maoni yangu ni kwamba ni kifaa kizuri kinachouzwa kwa sababu isiyo sahihi. Boksi lake limepambwa kwa namba kubwa za biti na kilohezi, na matangazo yake nayo huanzia hapo hapo, ilhali yanayokifanya kistahili kununuliwa ni mambo ambayo boksi huyataja kwa herufi ndogo au haliyataji kabisa.

Nianze na namba hizo, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya wanunuzi wengi. Sauti ya dijitali hurekodiwa kwa kupima wimbi la sauti mara nyingi sana katika kila sekunde. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja. Hesabu inayotawala kazi hii inaonyesha kwamba kiwango hicho kinatosha kuhifadhi kila mtetemo ulio chini ya nusu yake, yaani hadi karibu kilohezi 22 (mitetemo 22,000 kwa sekunde), wakati sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na kilohezi 20, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyosonga. Biti 16 nazo hutoa upana wa takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini ya mfumo. Biti 24 hufikisha upana wa desibeli 144 kwa nadharia, kiasi ambacho hakuna amplifaya (kikuza sauti) ya mkononi inayoweza kukifikia. Muziki unaouzwa kwa jina la ubora wa juu kwa kawaida ni wa biti 24 na kilohezi 96 au 192, yaani vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde, na kicheza muziki changu hucheza vyote hivyo bila kusitasita, pamoja na mafaili ya DSD, ambayo hutumia biti moja tu inayopimwa zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde.

Je, tofauti inasikika? Mwaka 2007, Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, matokeo ya jaribio ambamo wasikilizaji walitakiwa kutambua kama rekodi ya ubora wa juu ilikuwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD au la. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya matokeo ya tafiti 18 na kukuta kwamba, kwa jumla, watu walipatia kwa asilimia 52.3, tofauti iliyopo kitakwimu lakini ndogo mno, ingawa iliongezeka kwa wasikilizaji waliopewa mafunzo kwanza. Mimi nilichukua faili la biti 24 na kilohezi 96, nikalitengenezea nakala ya kiwango cha CD kwa kompyuta, kisha nikamwomba mtu mwingine achague la kucheza bila kuniambia ni lipi. Nilibaki kubahatisha.

Hata hivyo, wapo wanaoapa kwamba albamu fulani ya ubora wa juu inawasikikia vizuri zaidi kuliko CD yake, na mara nyingi wanasema kweli. Sababu ni kwamba matoleo hayo mawili si rekodi moja iliyoandaliwa kwa namna moja. Toleo jipya hupitia tena mikono ya mhandisi wa hatua ya mwisho, ambaye huenda ameacha ngoma zipumue badala ya kuzibana ili wimbo mzima usikike kwa kishindo kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinachosikika, basi, ni kazi ya mhandisi huyo, na ingesikika vilevile kama faili lingeshushwa hadi kiwango cha CD. Kinyume chake pia hutokea: faili linalouzwa kama la kilohezi 96 huweza kuwa la CD lililopanuliwa tu. Programu ya kuchora masafa ya sauti hulifichua mara moja, kwa maana picha yake hukatika ghafla karibu na kilohezi 22 na juu ya hapo hakuna kitu.

Thamani halisi ya kifaa hiki imo katika amplifaya yake. Simu nyingi zimeondolewa tundu la hedifoni tangu Apple ilipofanya hivyo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na anayetaka kutumia waya hulazimika kuchomeka kiunganishi kidogo. Baadhi ya viunganishi hivyo hufanya kazi nzuri kwa vipokea sauti vyepesi vya masikioni, lakini hali hubadilika ukichomeka hedifoni nzito kama Sennheiser HD 600, yenye ukinzani (kiasi inavyozuia umeme kupita) wa omu 300, ambayo inahitaji volteji ya kutosha. Kwenye kiunganishi changu cha simu hedifoni hiyo hucheza sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na ngoma inapopigwa kwa nguvu ule mshindo wake wa kwanza husinyaa. Kwenye kicheza muziki, gurudumu huwa halijafika theluthi mbili na ngoma hiyo hiyo inasimama, huku ngozi yake ikisikika ikitetemeka baada ya pigo. Tofauti ya namna hii haihitaji majaribio ya kitaalamu ili kuaminika.

Tundu la milimita 4.4 huongeza nguvu hiyo, kwa kuwa kila upande wa hedifoni husukumwa na amplifaya mbili zinazofanya kazi kwa mwelekeo wa kupingana, hivyo volteji inaweza kufikia maradufu ya ile ya tundu la kawaida. Sharti lake ni waya wa hedifoni uliotengenezwa kwa ajili hiyo, wenye njia mbili tofauti kwa kila sikio. Kutumia kiunganishi cha kubadilisha tundu hilo ili lipokee plagi ya kawaida ya milimita 3.5 ni hatari, maana huunganisha njia zinazopaswa kutengana na kunaweza kuiunguza amplifaya. Kwa vipokea sauti vya masikioni ambavyo havidai nguvu nyingi, sijaona faida ya tundu hili. Huko sifa inayotafutwa ni utulivu na ukinzani mdogo wa tundu lenyewe. Vipokea sauti vyenye spika kadhaa ndogo ndani yake hubadilika tabia vikichomekwa kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, na sauti ya mwimbaji huweza kurudi nyuma au kujisogeza mbele bila sababu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa vipokea sauti. Kifaa changu kinaikidhi kwa urahisi, na kikiwekwa kwenye kiwango cha chini cha nguvu hakitoi ule mvumo mwembamba wa “shhh” unaosikika kwenye vifaa vingine pale wimbo unapoisha na wa pili haujaanza.

Ni ajabu basi kuona watu wakinunua kifaa cha aina hii halafu wakakitumia na vipokea sauti visivyo na waya. Katika Bluetooth, muziki husafiri ukiwa bado ni data, na kazi ya kuugeuza kuwa mkondo wa umeme na kuukuza hufanyika ndani ya vipokea sauti vyenyewe. Amplifaya na kigeuzi vilivyolipiwa ndani ya kicheza muziki hubaki bila kazi. Hata mfumo wa LDAC wa Sony, ulio miongoni mwa mifumo bora ya njia hii, hukomea kilobiti 990 kwa sekunde, ilhali CD isiyobanwa inahitaji kilobiti 1,411. Anayesikiliza bila waya siku zote abaki na simu yake. Hatapoteza chochote.

Mafaili ni suala jingine. Muundo ninaoupendekeza ni FLAC, uliotolewa mwaka 2001, ambao ni wa bure na hubana faili bila kupoteza hata biti moja. Wimbo wa dakika nne katika kiwango cha CD huchukua megabaiti 42 usipobanwa, na FLAC huupunguza hadi karibu megabaiti 25, kutegemea muziki wenyewe. Wimbo huo huo katika kilohezi 192 na biti 24 hufikia megabaiti 276 kabla ya kubanwa. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 512 hubeba nyimbo zipatazo 20,000 za kiwango cha CD, lakini hujaa upesi sana kwa mtu anayekusanya namba kubwa. Kadi inunuliwe kwa uangalifu, kwani zipo za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina, na dalili yake huonekana pale nyimbo zinapoanza kukatika kuanzia sehemu fulani ya mkusanyiko. Programu za kuijaza kadi yote na kuisoma upya hubainisha ukweli kabla mtu hajaihamishia muziki wake.

Kazi ambayo haitajwi popote kwenye boksi ni ya kupanga maktaba. Kicheza muziki hakipangi nyimbo kwa majina ya mafaili bali kwa lebo zilizoandikwa ndani yake, na hakina huruma hata kidogo. Mwimbaji mmoja huweza kutokea mara tatu kwenye orodha: mara jina lake likiwa kwa herufi kubwa tupu, mara likiwa na nafasi ya ziada mwishoni ambayo jicho haliioni, mara likifuatana na jina la msanii mgeni aliyeshirikishwa kwenye wimbo mmoja. Albamu ya mkusanyiko wa wasanii mbalimbali husambaratika kuwa albamu kumi na mbili za wimbo mmoja mmoja, hadi ujaze lebo ya msanii wa albamu. Programu ya bure ya MusicBrainz Picard husaidia sana, kwa kuwa huweza kutambua wimbo kwa kuusikiliza na kuujazia taarifa zake, japokuwa kwa muziki ambao haumo kwenye hifadhi yake kazi hubaki ya mkono. Nimekaa jioni nzima nikirekebisha lebo, na sitasema haikunipendeza. Albamu ambazo zilikuwa zimelala miaka mingi zilirudi kusikilizwa kwa sababu tu nilizikuta zikiwa na picha isiyo yake.

Katika matumizi ya kila siku, kifaa kina mazuri na kero zake. Albamu zilizorekodiwa jukwaani, ambazo makofi ya wimbo mmoja huingia kwenye mwanzo wa unaofuata, huchezwa bila pengo. Gurudumu la sauti husogea kwa hatua ndogo zenye mkwaruzo unaohisika kidoleni, na vitufe vya pembeni huniwezesha kuruka wimbo kifaa kikiwa mfukoni. Kwa upande wa pili, kukiwasha kutoka kuzimwa kabisa huchukua muda unaotosha kukuudhi, kioo chake hakisomeki vizuri juani, na kikiongezewa kadi kubwa huanza kuisoma upya kwa mwendo wa kinyonga. Saa za betri zilizoahidiwa ni za mafaili mepesi, sauti ya chini na kioo kilichozimwa. Ukitumia tundu la milimita 4.4 na mtandao ukiwa umewashwa, usitarajie zaidi ya nusu yake. Uwezo wa kusikiliza kupitia huduma za mtandaoni upo, lakini naushauri uhesabiwe kama nyongeza, kwa sababu toleo la Android la kifaa cha namna hii huachwa nyuma mapema na programu za huduma hizo hufika siku zikakataa kufunguka. Mafaili yaliyo kwenye kadi hayana tatizo hilo.

Apple ilisitisha iPod mwaka 2022, na uwanja umebaki kwa kampuni kama Sony, Astell&Kern, FiiO na HiBy, ambazo hutoa matoleo mapya mara kwa mara huku tofauti ya sauti kati ya toleo na toleo ikiwa ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Kwa hiyo kununua kilichotumika si jambo la kuogopa, mradi kikaguliwe palipo na udhaifu. Chomeka hedifoni na uuzungushe mdomo wa waya taratibu, usikilize kama upande mmoja unakatika. Ingiza kadi, uitoe, uiingize tena, uone kama inasomeka kila mara. Punguza sauti hadi karibu na ukimya, usikilize kama pande zote mbili zinashuka sawasawa. Kisha kiache kicheze kwa saa moja kioo kikiwa kimezimwa na uangalie chaji imeshuka kwa asilimia ngapi. Betri imefungiwa ndani kwa gundi, na kuibadilisha kunahitaji fundi mwenye betri ya kipimo kile kile, hivyo kama fundi huyo hujampata bado, bei ya kifaa ipunguzwe kwa kiasi cha kazi hiyo kabla hujakubali.