TAHADHARI: Nyumba ya Muyeye ya "hati iko njiani", usitoe arbuni

Jamani wa Malindi na Watamu, na nyinyi mlioko Uarabuni na Ulaya mnaotafuta nyumba huku nyumbani, someni haya kabla hamjatuma pesa.

Kuna nyumba inazungushwa na madalali upande wa Muyeye. Vyumba vitatu, bati la rangi, kisima uani, mwembe mkubwa mbele. Nyumba ipo kweli, si ya kubuni. Muuzaji ana funguo, anakufungulia, anakuonyesha mpaka tangi la maji, na majirani wanamsalimia kwa jina. Hapo ndipo watu wanapolegea. Mtu akishaingia ndani na kuona choo na jiko, hakumbuki tena kuuliza huyu anauza kwa haki gani.

Bei ni nafuu kidogo kuliko ya mtaa ule, si nafuu ya kukushtua. Wanayokwambia ni kwamba usajili haujakamilika: "Hati iko njiani, imebaki kubadilisha jina tu. Toa arbuni tukamalizie ofisi ya ardhi Kilifi, salio utaleta hati ikitoka." Maneno haya yanaingia akilini kwa sababu hapa pwani kila mtu ana mjomba au jirani ambaye hati yake imekwama miaka.

Shemeji yangu yuko Doha. Aliambiwa atume laki tano, na dalali akawa anampigia usiku kwamba kuna mnunuzi mwengine kutoka Nairobi anaingia kesho. Nikaenda mimi kwa niaba yake, nikaomba karatasi.

Yule bwana akatoa faili la plastiki la buluu. Ndani mlikuwa na kopi ya hati, mkataba wa zamani wenye muhuri wa wakili, barua ya chifu na risiti za kodi ya kaunti. Ukizishika zote pamoja unaona mambo yametimia. Sasa tazameni vizuri. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu: A inaeleza kiwanja chenyewe na ukubwa wake, B inaeleza mwenye mali, C inaeleza madeni na vizuizi. Kopi ile ilikuwa na jalada na sehemu A peke yake. Namba ya kiwanja ipo, vipimo vipo, muhuri upo. Ukurasa wa B na C haupo. Kuuliza, eti umebaki kwa wakili Mombasa. Risiti za kaunti nazo zina jina lisilo lake, akasema ni la marehemu babake. Muhuri wa wakili kwenye mkataba ulikuwa wa kushuhudia sahihi tu. Wakili hakuandika popote kwamba aliyetia sahihi ndiye mwenye nyumba. Barua ya chifu ilisema huyu ni mkaazi wa eneo langu na namfahamu. Nami namfahamu mtu anayeuza samaki sokoni, lakini siwezi kuuza jahazi lake.

Nilipomwambia tutafanya sachi, yaani kuomba ofisi ya ardhi itwambie rejista inasemaje, akaanza kunung'unika. Mara tunamvunjia heshima, mara sisi sote Waislamu tuandikiane mbele ya mzee wa mtaa yaishe, mara wakili atakula pesa za bure. Dalali akaongeza kwamba sachi inachukua wiki nyingi na mfumo uko chini. Tuliomba hivyo hivyo kwa ile kopi yake ya sehemu A, maana namba ya kiwanja ndiyo inayohitajika.

Jibu likatoka. Sehemu B ina jina la mzee aliyefariki zamani. Sehemu C ina zuio lililowekwa na binti wa yule mzee, dada yake huyu bwana. Tukamtafuta dada. Anasema ndugu wako sita, mmoja bado mdogo, mama yao yu hai, na mirathi haijafunguliwa kwa Kadhi wala Mahakama Kuu. Kwa hiyo ile "imebaki kubadilisha jina tu" ni kesi nzima ya mirathi ambayo hata faili haina.

Na sheria haina utata hapa. Sheria ya Urithi inakataza msimamizi wa mirathi kuuza nyumba au ardhi kabla ya mahakama kuthibitisha hati yake ya usimamizi, na hiyo ni baada ya kuteuliwa, achilia mbali mtu ambaye hajateuliwa na yeyote. Anayeuza mali ya marehemu bila idhini anaingia kwenye kosa la jinai, kifungu cha 45. Mrithi hata akiwa na fungu lake halali, fungu hilo si nyumba nzima, na mke na mabinti wana haki zao zilizopangwa na Mwenyezi Mungu kabla ya serikali.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kusikia ya wengine. Kuna mama wa Barani ametoa arbuni ya laki nne kwa nyumba hii hii. Kuna kijana wa bodaboda alilipa kwa Mpesa kidogo kidogo, na kila mara ujumbe wa malipo unaenda kwa namba tofauti. Wote wawili waliambiwa wao ndio wa kwanza. Pesa ya "kumalizia Kilifi" haikufika Kilifi.

Nasisitiza hili kwa sababu hata muuzaji mwaminifu anaweza kukuletea maneno kama hayo. Usajili usiokamilika una sura nyingi huku kwetu. Iliyo nyingi kuliko zote ni mikataba juu ya mikataba: wa kwanza aliuza kwa wa pili, wa pili hakusajili kwa kukwepa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mijini, akauza kwa wa tatu, na huyo anataka kukuuzia wewe. Tangu Januari 2023 kodi ya faida kwa muuzaji imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na hiyo nayo inawafanya wengi waache jina la zamani likae tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema uhamisho ambao haujasajiliwa ni mkataba tu baina ya waliotia sahihi. Maana yake unaweza kumshtaki aliyekuuzia akurudishie pesa, ukimpata. Nyumba bado ni ya yule wa kwanza kwenye rejista, au ya watoto wake.

Wengine wana barua ya ugawaji, ile ya kuambiwa umegawiwa kiwanja cha serikali, nao wanaiita hati. Mahakama ya Juu ilisema wazi mwaka 2023 kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Mwaka huo huo, kwa kiwanja cha ufuoni Mombasa, ikasema hata mwenye hati mkononi lazima aonyeshe ilipatikanaje tangu mwanzo. Basi sachi peke yake pia haitoshi. Ulizia historia ya kiwanja, ulizia majirani wazee.

Nyumba bila ardhi nayo mnaijua. Umejenga kwenye shamba la mtu, unamlipa mwenye shamba kodi kila mwezi, unauza kuta na paa. Si haramu, Malindi imejaa nyumba hizo, ila mnunuzi aambiwe wazi na mwenye shamba aulizwe kabla ya kutoa pesa.

Kwa hii ya Muyeye, msimamo wangu ni mmoja: usimpe muuzaji pesa ya kukamilisha usajili wake. Akamilishe yeye, jina lake liingie sehemu B, lifanane na kitambulisho, mke au mume atie sahihi ya ridhaa, ndipo mzungumze arbuni. Na arbuni hiyo ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili uliyemchagua mwenyewe, si wakili wa dalali. Akikwambia hana pesa za kufungua mirathi, ndugu zake wachange. Nyumba ni yao.

Kwa mlioko nje: video ya WhatsApp inaonyesha nyumba, haionyeshi rejista. Mtume mtu akawaombee sachi.

Ambao mmeshatoa pesa, msinyamaze kwa aibu. Wekeni pamoja ujumbe wa Mpesa, mkataba na sauti alizowatumia, mwende kituo cha polisi Malindi mkaandikishe. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na malalamiko ya watu watatu yana uzito kuliko ya mmoja. Mama wa Barani ameshaandikisha. Yule dada naye yuko tayari kutoa maelezo, anasema hajawahi kuulizwa na mnunuzi hata mmoja zaidi yetu.

Jina la muuzaji siliweki hapa, kesi isije ikanigeukia. Ila ukiletewa nyumba ya Muyeye yenye mwembe na faili la buluu, omba ukurasa wa B na C. Juzi picha zake zimetokea tena, safari hii bei imeshushwa na mwembe umekatwa kwenye picha.