Kispika cha mwongozaji kiliniharibia safari ya kutazama ndege Himalaya

Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, nayo imekataa kupoa. Safari ilikuwa ya kutazama ndege na wanyama katika misitu ya Chopta, jimbo la Uttarakhand nchini India, kwenye eneo la hifadhi ya Kedarnath iliyoanzishwa mwaka 1972 hasa kwa ajili ya kumlinda paa wa miski. Malazi na chakula sina neno nayo, na sharubati ya maua mekundu ya burans tuliyokuwa tukiandaliwa jioni ningeinywa hata sasa. Ugomvi wangu ni na mwongozaji mkuu.

Asubuhi moja alitusimamisha chini ya mialoni, akatoa kispika cha ukubwa wa ngumi na kuanza kupiga sauti iliyorekodiwa ya bundi mdogo ambaye katika misitu ile huwinda hata mchana. Ndege wadogo wakimsikia bundi huyo hawamkimbii, bali humzingira na kumpigia kelele mpaka aondoke, na waongozaji wanalijua hilo vizuri sana. Basi walikuja kweli, kundi baada ya kundi, na wenye kamera kubwa wakafurahi. Mmoja, mwenye tumbo la manjano na mstari mweusi katikati, alitua karibu nami kiasi cha kutohitaji darubini, akiwa amebana kiwavi wa kijani mdomoni. Hakumla wala hakumwachia. Alilia huku amembana, manyoya yamemsimama, akirukia tawi hili na lile kumtafuta adui ambaye hakuwepo. Ulikuwa msimu wa makinda, kwa hiyo haukuhitajika utaalamu wowote kujua yule kiwavi alikuwa akipelekwa kwa nani.

Nilimwomba mwongozaji azime, tena kwa adabu na kwa sauti ya chini. Akanijibu mbele ya wote: "Mama, umelipa uone ndege au uwahurumie?" Kisha akaongeza sauti ya kispika. Wapo watakaosema kwamba kupiga sauti mara moja au mbili hakumdhuru ndege, na huenda ni kweli, lakini huyu bwana aliendelea mpaka ndege wenyewe wakachoka kuja.

Haki itendeke, hata hivyo. Siku iliyofuata, tukipanda kuelekea hekalu la Tungnath, nilibaki nyuma na kijana aliyekuwa akitubebea vifaa, mwenyeji wa vijiji vya huko chini. Alinishika mkono, akanionyesha kwa kidevu ukingo wa majani, na hapo alikuwepo monali dume, ndege wa jimbo lile na ndege wa taifa wa Nepal, akichimbua mizizi kwa mdomo kama mtu anayepalilia kwa hasira. Kichwa kilikuwa cha kijani cha chuma chenye kishungi, shingo ya shaba, na aliporuka mgongo mweupe ukawaka. Hakupigiwa sauti yoyote. Tulikaa kimya tu, naye akaendelea na kazi yake. Kwa dakika zile niliisamehe kampuni nzima, na nikasema moyoni kwamba nitawapa nyota zote.

Jioni mwongozaji akamwandika monali yule katika orodha ya ndege "alioonyesha" yeye, ilhali hakuwepo, kisha akapitisha bahasha moja ya bakhshishi akisema atawagawia wenzake mwenyewe. Ya kijana nilimpa mkononi, na bahasha ikapita mbele yangu ilivyokuja. Nilipoandikia ofisi nilijibiwa kwamba kispika ni utaratibu wa kawaida na wateja wengine wanakipenda.

Kwa hiyo nyota ni mbili, zote za kijana na mpishi. Anayetaka kwenda asiache, maana misitu ile haina kosa, ila aulize kwa maandishi kabla ya kulipa kama kispika kitabaki ofisini, na akijibiwa kwa kuzungushwa atafute kampuni nyingine.