Mtoto anaenda chuo: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri

Tulipompeleka kifungua mimba wangu Dodoma, tulilifunga godoro la futi tatu na nusu juu ya gari la shemeji, tukatoka nalo Dar kama watu wanaohama. Kitanda cha hosteli kilikuwa deka, kile cha juu na chini, cha futi mbili na nusu. Godoro likajikunja pande zote mbili kama mtumbwi, na kijana wangu akalala ndani ya huo mtumbwi mpaka likizo. Wa pili nikampeleka Morogoro nikiwa na akili kidogo. Sasa kitinda mimba amepata nafasi, na wazazi wenzangu mtaani wananiuliza nimeanza na nini. Nimeona niandike mara moja.

Vyuo vikuu vyetu hufungua Oktoba au Novemba, kwa hiyo wiki mbili za kabla yake Kariakoo hapapitiki na bei hazipunguzwi. Ukiweza, nenda Septemba.

Orodha yangu nimeipanga kwa swali moja tu: kitu hiki kikikosekana, mtoto atakihitaji usiku wa kwanza au mwezi wa pili? Cha usiku wa kwanza anaondoka nacho, au anakinunua siku ileile anayofika. Cha mwezi wa pili atakinunua hukohuko, akishajua chumba kikoje na wenzake wana nini. Na usipige hesabu kwamba bumu, yaani pesa ya mkopo, litafidia. Mkopo hauingii mpaka asajiliwe na asaini, na usajili una foleni zake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, soma barua ya maelekezo ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho. Tafuta mambo matatu: hosteli inatoa godoro au haitoi, kitanda kina upana gani, na vifaa gani vya umeme vimekatazwa. Barua ikinyamaza, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili apime kitanda kwa futi kamba akutumie picha. Hakuna mtaa usio na mtoto wa jirani aliyeko chuo.

1. Godoro

Hili ndilo la kwanza, na ndilo wauzaji wanalotupigia zaidi. Kwa deka, mpangilio wangu ni huu.

Bora kuliko yote ni la inchi 6, gumu. La pili ni la inchi 4, gumu vilevile. La mwisho ni la inchi 8 laini, ambalo ndilo mzazi hulikimbilia kwa huruma. Linanesa vizuri dukani, lakini baada ya miezi mitatu linabonyea katikati na mtoto anaamka mgongo unamuuma. Tena aliyepangiwa kitanda cha juu, inchi 8 zinakula ule ukingo wa chuma unaomzuia asianguke.

Muuzaji atakwambia, "Mama, hili haidensiti," yaani sponji yake imeshiba, na mengine yote dukani nayo ni haidensiti. Usibishane naye, omba mzani. Godoro la futi mbili na nusu kwa sita, inchi 6, likiwa na kilo 4 tu ni hewa tupu. Likifika kilo 6 na kuendelea, hapo kuna sponji ya maana. Hakuna mzani? Beba mawili ya ukubwa mmoja, moja kila mkono, utajua. Kisha kalia pembeni kabisa uhesabu hadi ishirini, usimame, utazame. Likichelewa kurudi, achana nalo. Mwisho fungua zipu uone ndani, kwa sababu kuna yaliyoungwa vipandevipande kwa gundi, na hiyo gundi huachia.

Tanfoam ya Arusha na magodoro ya Dodoma ni majina ambayo wengi tumeyalalia, na yana mawakala karibu kila mji. Ndiyo maana sioni sababu ya kusafirisha godoro siku hizi. Mwaka juzi la inchi 6 nililipata Morogoro mjini kwa 95,000, bei ileile niliyotajiwa Kariakoo, bila kumlipa mpiga debe wala kubishana na kondakta kuhusu nafasi ya buti. Wanaokwenda Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi huko Julai 2024, ndio wasifikirie kabisa kuingia nalo behewani.

Godoro la mtumba au la mwanafunzi aliyehitimu, hapana, hata ukipewa bure. Sababu ni kunguni. Kunguni wa hosteli hawana aibu. Wanakaa kwenye mishono ya godoro na kwenye viungo vya kitanda, na wakishaingia chumbani wanalala na watu wote. Mtoto akifika, kabla hajatandika, apige tochi ya simu kwenye viungo vya kitanda na kwenye kuta nyuma yake. Akiona vidoa vyeusi kama vya wino, amwambie mlezi wa hosteli siku hiyohiyo na amwage maji ya moto kwenye vile viungo. Godoro likiwa la chuo, kagua mishono namna hiyohiyo, kisha lifunike kwa kava ya zipu.

Shuka pea mbili zinatosha: moja kitandani, moja kwenye kamba. Za mtumba pale soko la Karume, Dar, ni pamba nzito kuliko nyingi za dukani, ila zichemshwe kwanza na zipigwe pasi ya moto. Blanketi linategemea mji. Anayekwenda Mkwawa Iringa au Mbeya, blanketi zito linapanda hadi nafasi ya pili kwenye orodha hii. Dodoma upepo wa Juni na Julai unapenya, lakini anaanza masomo wakati wa joto, kwa hiyo blanketi lisubiri. Dar es Salaam kanga inatosha.

2. Chandarua

Cha pembe nne, siyo cha duara. Kile cha duara ni kizuri chumbani kwako kwenye dari yenye ndoano. Kwenye deka, wa chini hana pa kukining'iniza, kinamwangukia usoni. Cha pembe nne kina kamba nne na kitanda kina nguzo nne, maneno yameisha.

Chagua chenye dawa. Kama nyumbani mna kile kilichogawiwa kliniki au shuleni, hicho kinatosha kabisa, msidanganywe na vya lesi. Kikiwa kipya kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, na kikifuliwa kisiwekewe jiki wala kuanikwa juani, vyote viwili vinaua dawa.

3. Kufuli na begi

Kufuli mbili, siyo moja: ya kabati na ya begi. Ziwe za shaba nzito zenye shingo fupi nene, kwa sababu shingo ndefu ndiyo inayopenyezwa nondo. Kabla ya kulipa jaribu funguo zote tatu, na jaribu pia funguo za kufuli ya jirani yake kwenye boksi. Usicheke, nimewahi kununua mbili zilizofunguana. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya begi hilohilo.

Kwenye begi ndipo tunapogombana na watoto. Sisi tuliosoma bweni tuna mapenzi na tranka. Nilipolitaja, binti yangu alinitazama kwa upole kama anayemtazama mgonjwa. "Mama, kule watu hawaendi na tranka." Nikabisha siku mbili, halafu nikakubali kwamba ana haki. Tranka ni salama, panya haliwezi, lakini uvungu wa deka nyingi haulipokei, na kulipandisha ngazi ni kazi ya watu wawili.

Kwa hiyo namba moja ni begi la magurudumu la kitambaa kigumu, saizi ya kati, lenye zipu mbili zinazokutana ili kufuli ipite. Magurudumu yawe yamefungwa kwa skrubu, siyo kubandikwa. Liburute dukani likiwa limejazwa mabegi mengine madogo ndani, maana begi tupu halitoi siri. Namba mbili ni shangazi kaja, lile begi jepesi la mirabamiraba. Lidharau, lakini linabeba shuka, ndoo ndogo na mto kwa safari moja, kisha linakunjwa chini ya godoro hadi likizo. Nunueni moja hata kama mna begi zuri. La plastiki gumu linalong'aa nimeliweka namba tatu: likipigwa kwenye buti la basi linapasuka pembeni, na halitanuki hata kidogo. Tranka ni la nne. Samahani, wazee wenzangu.

4. Maji

Hosteli zina mabomba, lakini bomba na maji ni vitu viwili tofauti. Chukua hesabu hii: zile hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 kwa wanafunzi 3,840. Gawanya uone ni wangapi wanaamka jengo moja asubuhi moja wakitaka kuoga.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana ndiyo ya kuhifadhia, ndogo ya lita 10 ndiyo ya kuogea, na beseni moja la kufulia. Kama amepangiwa ghorofa ya juu, badilisha ile kubwa kwa madumu mawili ya lita 10. Lita 20 ni kilo 20, na ndoo humwagika ngazini wakati dumu halimwagiki. Bonyeza ubavu wa ndoo kwa kidole gumba kabla ya kununua. Plastiki ikigeuka nyeupe, hiyo imeshapikwa mara nyingi, itapasuka mkono wa ndoo ukiwa mikononi mwake. Vyote hivi vinapatikana nje ya geti la chuo kwa tofauti ya mia tano au elfu moja, visisafiri. Malapa tu ndiyo yaondoke nyumbani, mguuni au begini, maana bafu la watu wengi haliingiwi peku.

5. Umeme

Ekstensheni moja nzuri. Hapa sikubali ubahili. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo yote unayochomeka kwenye ekstensheni isizidi wati 3,000 au karibu na hapo. Jagi la umeme peke yake linakula wati 2,000 hivi, na pasi elfu moja na zaidi. Hiyo ni kwa ekstensheni ya kweli. Zile za bei ya chee zina waya mwembamba kama wa chaja, na zinaanza kunuka kabla ya chai kuchemka. Shika waya: uwe mnene na mzito, plagi iwe na fyuzi, na pawe na alama ya TBS, shirika letu la viwango. Mwambie mtoto asiitumie ikiwa imeviringishwa, joto hukosa pa kutokea.

Hita ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga simnunulii mtu. Hosteli nyingi zimeipiga marufuku, na hata pasipo marufuku, mkono unaopima maji kabla ya kuchomoa waya ndio huo huo tunaoupenda.

Feni ndogo ya mezani kwa anayebaki Dar ni halali yake, ila hii ndiyo ya kununua kwa mwanafunzi anayehitimu. Mwisho wa mwaka wa masomo wanauza feni, ndoo, ekstensheni na meza za kukunja karibu na bure ili wasivirudishe makwao. Anayeanza Oktoba ameukosa msimu huo, lakini aulize kwenye kundi la WhatsApp la kozi yake. Daima kuna aliyebaki na vitu viwili viwili.

6. Vyombo

Sahani moja, kikombe, kijiko, hotipoti ndogo na chupa ya chai. Basi. Anayepanga gheto nje ya chuo habari yake ni nyingine: mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la juu unamtosha, na sufuria mbili. Wa hosteli ataishi kwa kantini na mama ntilie. Akitaka rice cooker asubiri aone wenzake chumbani, kwa sababu vyumba vingi vinakuwa nayo moja ya kuficha na havihitaji ya pili ya kunyang'anywa.

Pasi ni hivyohivyo. Mwaka niliompeleka wa pili, chumba cha watu wanne kilikuwa na pasi nne na hakikuwa na ufagio. Safari hii binti ameambiwa aondoke na ufagio.